Seva ya kugeuza video na picha: ipi ununue, ipi uipite

Simu inayorekodi 4K kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaza GB 22.5 kwa saa moja. Geuza saa hiyo iwe ngazi nne za kutazamwa mtandaoni: 1080p kwa megabiti 4.5, 720p kwa 2.5, 480p kwa 1.2 na 360p kwa 0.6. Zote pamoja hazifiki GB 4. Kwa laini inayopakia megabiti 10 kwa sekunde, faili ghafi litachukua saa 5 kufika kwenye seva ya mbali, ilhali ngazi zote nne zitapanda kwa dakika 53. Ndiyo maana kwa televisheni ya mtandaoni, kanisa, msikiti au chuo kinachorusha mihadhara, tunatanguliza mashine iliyo hapo hapo ofisini.

Usihesabu kore za prosesa kwanza. Kazi hii hufanywa upesi na kipande maalumu cha chipu kilichoundwa kusoma na kuandika video. Kwa Intel kinaitwa Quick Sync, kwa NVIDIA ni NVENC. Mashine isiyo nacho itafanya kazi ile ile kwa prosesa peke yake, na utalipa tofauti kwenye LUKU.

1. Kompyuta ndogo ya ofisi ya mtumba, Intel kizazi cha 8 kwenda juu

Hii ndiyo chaguo letu la kwanza, na kwa wengi ndiyo ya mwisho pia. Tafuta Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny yenye i5-8500T au mpya zaidi. Kizazi cha 6 kipite hata kikiwa bei ya kutupa: hakisomi kikamilifu HEVC (mfumo wa kubana video) ya biti 10, na iPhone nyingi za sasa hurekodi hivyo HDR, yaani mwanga na rangi za upana zaidi, ikiwashwa. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa, kama i5-12400F, maana yake grafiki ya ndani imezimwa na Quick Sync haipo. Ukipata kizazi cha 12, i5-12500 ina injini mbili za video na i5-12400 ina moja.

Ramu iwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Grafiki ya ndani hutumia ramu ya mashine, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitishia data.

Usinunue bila kupima. Ukiwa nyumbani, sakinisha Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux, kwenye SSD ya nje ya USB, weka ffmpeg (programu ya kugeuza video), vainfo, intel-media-va-driver-non-free, intel-gpu-tools, lm-sensors na smartmontools, kisha nakili video moja ya simu ya dakika kumi. Dukani, washa mashine kutoka kwenye SSD hiyo na uandike:

ffmpeg -hwaccel vaapi -hwaccel_device /dev/dri/renderD128 -hwaccel_output_format vaapi -i simu.mp4 -vf scale_vaapi=w=1280:h=720:format=nv12 -c:v h264_vaapi -b:v 2500k -f null -

Tazama neno speed= mwishoni mwa mstari unaobadilika. Kama lilianza 6x, yaani mara sita ya kasi ya kutazama, na baada ya dakika chache likashuka hadi 3x, fungua dirisha la pili uandike sensors. Joto likikaribia nyuzi 100, pesti ya kupozea prosesa imekauka au feni imejaa vumbi. Hiyo hurekebishika, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Lakini speed= ikishuka ilhali mashine ni ya baridi, shuku adapta. Dell huitambua adapta yake kwa pini ya katikati, na isipoitambua hutoa onyo wakati wa kuwaka na kuipunguza kasi prosesa. Dai adapta halisi.

Maliza kwa smartctl -a kwenye diski ya ndani. Saa za kuwaka nyingi si kasoro kubwa, ila sekta zilizohamishwa zikizidi sifuri, hesabu bei ya diski mpya.

Format=nv12 ndani ya amri ile imewekwa kwa makusudi: bila hiyo, video ya biti 10 hukwama ikifika kwenye H.264, mfumo wa kubana video unaoandikwa na amri hiyo. Na hata ikipita, HDR isiyogeuzwa rangi hutoka imepauka, nyuso zikawa kijivu. Waombe wapigapicha wazime HDR kwenye simu. Ni nafuu kuliko kuirekebisha baadaye.

2. Kompyuta ndogo mpya yenye Intel N100

Kore nne, wati 6 kwa hesabu ya Intel, na inasoma AV1, mfumo mpya zaidi wa kubana video, ingawa haiandiki. Inafaa kwa mkondo mmoja au miwili ya moja kwa moja, na kwa sehemu yenye sola. Ramu yake hupita njia moja tu, hivyo usiitwishe mzigo wa kituo kizima. Kuwa mwangalifu na SSD zinazokuja nazo zisizo na jina. Zijaze kwa programu ya f3 uone kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli.

3. Kompyuta ya mnara pamoja na Intel Arc A380 au A310

Nunua hii ukihitaji kuandika AV1 au ukiwa na mikondo mingi kwa pamoja. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, iwe 6.2 au zaidi. Baadhi ya A380 zinahitaji waya wa umeme wa pini 8 ambao mashine nyingi za ofisi hazina, kwa hiyo fungua boksi utazame kabla ya kulipa.

4. Kadi ya NVIDIA

Ni nzuri kama tayari unayo. Kadi za kawaida zina kikomo cha mikondo kwa wakati mmoja, kinachowekwa na draiva. GT 1030 haina NVENC kabisa. Upande wa AMD, RX 6400 na RX 6500 XT nazo hazina kipande cha kuandika video, japo wauzaji huziita kadi za video.

5. Seva ya kukodi

Kwa picha peke yake tungeiweka ya kwanza. Kupunguza picha hakuhitaji kadi, kunahitaji ramu. Picha ya megapikseli 108, yenye 12000 kwa 9000, ikifunguliwa yote hula MB 324, na kumi kwa mpigo huimaliza seva ya GB 2. Tumia libvips, programu ya picha ambayo huisoma JPEG ikiwa imeshapunguzwa:

vipsthumbnail picha.jpg -s "1200x1200>" -o "%s_1200.webp[Q=80]"

Kwa video, kore za kukodi hugawanywa na wateja wengine. Andika amri ya top, utazame tarakimu ya st: ikikaa juu ya 5 mara kwa mara, jirani yako anakula zamu yako.

Za kupita

Seva za zamani za raki zenye Xeon E5. Prosesa mbili za E5-2680 v2 zikifanya kazi mfululizo ni wati 230, yaani yuniti 165 kwa mwezi, bila kuhesabu feni wala diski, na Quick Sync hazina. Raspberry Pi 5 nayo haina kipande cha kuandika video.

Baada ya kununua

Ndani ya BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, weka mashine ijiwashe umeme ukirudi: Dell huita AC Recovery, HP huita After Power Loss. Badilisha betri ya CR2032, inayotunza saa ya mashine, siku hiyo hiyo. Ikifa, umeme ukikatika saa hurudi miaka nyuma, vyeti vya HTTPS hukataliwa, na utapoteza siku nzima ukilaumu mtandao.

Mtumiaji anayeendesha ffmpeg awe kwenye kundi la render, la sivyo atakataliwa renderD128, mlango wa grafiki. Simu hurekodi fremu kwa kasi isiyo sawa, na hapo ndipo sauti huachana na midomo. Ongeza -fps_mode cfr -r 30 kwenye amri ya ffmpeg. Kila MP4 ipewe -movflags +faststart, ianze kucheza kabla haijashuka yote. Faili za kumbukumbu zigeuze usiku kwa prosesa yenyewe, yaani libx264 -preset slow -crf 20, maana Quick Sync huhitaji biti nyingi zaidi kufikia ubora huo huo. Kila miezi mitatu puliza vumbi, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke.