Diski ya 4K ya Heat: inunue kwa ajili ya giza na risasi, si kwa ajili ya pikseli

Kama runinga yako ni ya inchi 43 na kochi liko mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo, usitoe pesa kwa sababu ya namba 4K iliyoandikwa juu ya kasha, yaani picha yenye nukta mara nne ya zile za Blu-ray ya kawaida. Katika umbali huo jicho zima haliwezi kutenganisha nukta zilizokaribiana kuliko milimita 0.7 hivi, ilhali Blu-ray ya kawaida kwenye kioo hicho tayari inachora nukta za nusu milimita. Halafu Heat ni filamu pana, ya uwiano wa takriban 2.40 kwa 1, kwa hiyo mikanda myeusi inakula robo ya kimo cha kioo. Ukali wa picha ya 4K unaanza kuonekana ukiwa na inchi 55 na kuendelea, umekaa mita mbili au karibu zaidi. Sababu za kuinunua diski hii ziko kwingine.

Wengi wanaijua filamu yenyewe. Michael Mann aliitoa mwaka wa 1995, dakika 170, Al Pacino akiwa mpelelezi Vincent Hanna na Robert De Niro akiwa Neil McCauley, mwizi asiyetaka kujifunga na chochote ambacho hawezi kukiacha polisi wakitokea. Kilichobadilika ni jinsi inavyouzwa kwa watu wa nyumbani. Blu-ray ya kwanza ilitoka 2009. Mwaka wa 2017 ikaja nyingine, iliyotengenezwa upya kwa 4K chini ya usimamizi wa Mann mwenyewe, na mwaka wa 2022 ndipo diski ya 4K ikafuata. Hii ya 2022 imejengwa juu ya kazi ile ile ya 2017. Kipya ni HDR, yaani picha yenye mwanga mkali zaidi na giza zito zaidi. Ni ya aina ya HDR10, bila aina ile nyingine ya Dolby Vision, na inakuja pamoja na nafasi kubwa zaidi ya data.

Muuzaji wa mtumba akikuwekea za 2009 na 2017 mezani, usidhani zinatofautiana kwa jalada tu. Ya 2009 ina rangi za joto na mwanga mwingi. Ya 2017 imepoa, imeelekea ubuluu, na imetiwa giza. Wapo wanaoililia ile ya zamani mpaka leo, na wana hoja: katika baadhi ya matukio ya usiku nyuso zimezama kupita kiasi. Lakini filamu hii kimsingi ni ya buluu. Tazama pale McCauley anapoiweka bastola mezani na kusimama dirishani akitazama bahari. Kwenye diski ya 2022 ubuluu wa hapo una ngazi nyingi, hauchoreki kwa mistari kama kwenye nakala zilizobanwa. Pambano la mwisho, kando ya uwanja wa ndege wa Los Angeles, ndilo mtihani wenyewe: taa za njia ya ndege zinawaka na kuzima, na kila zikiwaka kivuli kinasaliti mtu. HDR ikifanya kazi, mwanga ule unakupiga usoni. Isipofanya, unaona weupe tu.

Na mara nyingi haifanyi. Runinga nyingi za bei nafuu zinazopangwa Luthuli Avenue, Nairobi, zina kibandiko cha HDR, lakini mwangaza wake unaishia niti 300 hivi (niti ni kipimo cha mwangaza) na taa za nyuma haziwezi kupunguzwa sehemu kwa sehemu. Runinga inapokea maelezo ya mwanga isioweza kuutoa, inajaribu kuyabana, na matokeo yake picha nzima inafifia. Mtu anailaumu diski.

Kabla hujailaumu, pitia haya. Tumia waya wa HDMI unaobeba gigabiti 18 kwa sekunde. Ule uliokuja na king'amuzi uache kwenye king'amuzi. Chomeka kwenye tundu linalokubali 4K kamili, kisha ulifungue kwenye mipangilio, maana runinga nyingi hutoka kiwandani likiwa limefungwa. Kwenye Samsung linaitwa Input Signal Plus, kwenye LG ni HDMI Deep Colour, kwenye Sony ni Enhanced format. Lisipofunguliwa, deki haitatuma HDR ipasavyo, na hutaelezwa kwa nini. Baadaye chagua hali ya Filmmaker au Movie, zima ulainishaji wa mwendo unaoifanya sinema ifanane na tamthilia ya mchana, zima kisafisha chembe, na uhakikishe deki inatoa fremu 24 kwa sekunde. Chembe unazoziona angani si kasoro. Ni filamu ya milimita 35, na ukizifuta unafuta na vinyweleo vya ndevu za De Niro. Ukishayafanya yote na bado nyuso hazionekani, zima HDR kwenye deki au cheza Blu-ray, kama imo ndani ya kasha hilo hilo. Hakuna aibu.

Sasa sauti, na hapa diski inalipa deni lake lote. Baada ya saa moja na dakika 40 hivi genge linatoka benki na barabara ya katikati ya Los Angeles inageuka uwanja wa vita. Mann alikataa kuibandika milio ya bunduki studioni. Alitumia ile iliyonaswa pale pale barabarani, kwa maikrofoni zilizotawanywa kwenye eneo la kupigia picha. Ndiyo maana kila mlio una mkia: unagonga jengo la kushoto, unarudi kutoka kulia, unapotelea nyuma yako. Sauti iliyoko kwenye diski ni ya mfumo wa DTS, aina ya DTS-HD Master Audio 5.1 isiyopunguzwa chochote. Hakuna Atmos, ule mfumo wa sauti zinazotoka hata juu ya kichwa, na sioni ilichopungukiwa. Spika mbili za nyuma zikiwa zimepangwa vizuri, utageuka kutazama mlango.

Yanayoharibika ni mengi zaidi hapa kuliko kwenye picha. La kwanza ni ukimya mtupu. Samsung waliacha kuisoma DTS katika runinga zao tangu mwaka wa 2018, na LG wakaiacha katika za 2020 hadi 2022. Deki ikituma DTS ghafi kupitia runinga kama hiyo kwenda kwenye saundba, husikii hata chakacha. Dawa ni kuchomeka deki moja kwa moja kwenye saundba au risiva, kisha kutoka hapo kwenda kwenye runinga. Isipowezekana, iweke sauti ya deki kwenye PCM, yaani deki ifungue DTS yenyewe kabla ya kuituma. Kupitia ARC ya kawaida, ile njia ya HDMI inayotoa sauti kwenye runinga kwenda kwenye saundba, utabaki na chaneli mbili tu, lakini utasikia. Waya wa optiko nao hauwezi kubeba ile DTS-HD kamili. Unapitisha kiini chake cha DTS cha takriban megabiti 1.5 kwa sekunde, ambacho kwa masikio mengi kinatosha kabisa.

La pili: mazungumzo yako chini, hasa Pacino anaponong'ona kabla ya kulipuka. Ukipandisha sauti yote umsikie, bunduki zitakuja kuamsha ploti nzima. Pandisha spika ya katikati peke yake, desibeli 2 au 3. Wenye wufa ya 2.1 hawana spika hiyo, na kwao hali ya usiku ndiyo msaada uliobaki, ingawa inaibana ile milio niliyoisifu. Anayeishi ghorofani Pipeline, ukuta wa jirani ukiwa ndio ukuta wa kitanda chake, aitazame mchana.

Kuhusu kununua ukiwa Nairobi. Diski za 4K hazina kizuizi cha kanda, yaani hazifungwi kwa eneo fulani la dunia, kwa hiyo ya Marekani na ya Uingereza zote zitacheza. Blu-ray zina kanda, na Kenya iko kanda B, basi tafuta herufi nyuma ya kasha kabla ya kuitegemea Blu-ray iliyomo ndani. DVD ndizo sumbufu: Kenya ni kanda 5, Marekani ni 1, Uingereza ni 2. DVD za mfumo wa PAL zina kitu kingine: zinaendesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24, hivyo dakika 170 zinakuwa 163 na sauti za watu zinapanda kidogo. Usiilipie nyongeza ile karatasi ya msimbo wa kupakua. Imefungwa kwa nchi ilikouzwa. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kodi ya VAT ya asilimia 16, tena inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri.

Kwa upande wa deki, PS5 yenye tundu la diski inacheza 4K, vivyo hivyo Xbox One S na Series X. PS4 haichezi, hata ile Pro. Deki iliyoletwa kutoka Marekani isome mgongoni: ikiandikwa 120V pekee, umeme wetu wa volti 240 utaichoma siku ya kwanza. Inayosema 100–240V ni salama, lakini ipitishie TV guard hata hivyo.

Yule wa duka la sinema atakuwekea Heat kwenye flashi kwa bei ya chapati. Piga hesabu: faili la gigabaiti 2 kwa dakika 170 ni kama megabiti 1.6 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Diski ya 4K inaruhusiwa kufika zaidi ya 100. Moshi, vivuli na vioo vinavyopasuka ndivyo vinavyokufa kwanza kwenye faili dogo, na tukio la benki limejaa hivyo vitatu. Manukuu ya Kiswahili hayapo kwenye diski. Anayetaka kusimuliwa kwa mtindo wa DJ Afro, Mkenya anayesimulia juu ya filamu, ana raha yake tofauti, ila milio itafunikwa.

Nyongeza nyingi ni zile zile zilizozunguka miaka yote: maelezo ya Mann juu ya filamu nzima, makala za utengenezaji, matukio yaliyokatwa. Ya kutazama kwanza ni mazungumzo ya 2016 yaliyoongozwa na Christopher Nolan.

Ukiikuta Blu-ray ya mtumba, usiijaribu kwa kutazama mwanzo tu. Diski ya tabaka mbili husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha inarudi ndani kwenye tabaka la pili. Ukingo, ambao vidole na mikwaruzo huupata zaidi, unabeba sehemu ya kati ya filamu. Ruka hadi dakika ya 80, icheze mpaka ya 110. Ikipita hapo bila kukwama, lipa.