Aplikesheni ya mazoezi ya nyumbani: ipi uiweke kwenye simu na ipi uiache

Wifi yangu wa Makorora kaniuliza juzi, "wifi, hiyo aplikesheni unayofanyia mazoezi ni ipi na mimi niiweke?" Nikaanza kumjibu kwa meseji, ikawa ndefu, nikaona bora niandike hapa kabisa na wengine wafaidike. Jimu Tanga zipo, ila ukitoka kazini jioni bado upike, uogeshe watoto, saa ngapi utaenda jimu jamani?

Kabla hujapakua chochote jiulize kwanza, inafanya kazi bila bando? Kwangu hilo ndo la kwanza kabisa, aplikesheni nzuri namna gani kama bando likiisha tarehe 20 na mazoezi yameisha basi haikufai. Halafu angalia kama inaeleweka kwa macho, maana nyingi zinaongea Kiingereza na ukiwa kwenye planki, umejishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, huwezi kuanza kutafsiri. La tatu ni kuruka. Mimi nakaa chumba cha kupanga, korido moja watu wa vyumba sita, siku ya kwanza naruka ruka saa kumi na moja na nusu alfajiri mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango, "mwanangu kuna nini humo ndani?" Nikaona aibu. Toka siku hiyo natafuta mazoezi ya kimya kimya.

Namba moja naipa Home Workout ya Leap Fitness Group. Ni ya bure, haitaki vyuma, kuna mchoro wa mtu anafanya zoezi na wewe unamfuata, inakuhesabia. Umeshindwa pushapu ya kawaida unashuka ya kupiga magoti, zoezi gumu unaliruka unaenda linalofuata, na ngazi zipo kuanzia anayeanza mpaka aliyekomaa. Ubaya wake matangazo, mengi. Mimi nazima data kabla sijaanza, mazoezi yanaendelea kama kawaida na matangazo hayapati njia. Simu naiegemeza kwenye chupa ya chai, mkeka chini, basi. (Mkeka wa ukindu ukiloa jasho unateleza, tandika kanga ya zamani juu yake, hasa Januari na Februari joto la huku mnalijua.)

Namba mbili Darebee, na wengi hawaijui. Ni tovuti, mazoezi yake yamechorwa kwenye karatasi moja moja, unasevu picha kwenye galari na umemaliza, haina matangazo, inaendeshwa kwa michango. Picha haili chaji nyingi, na bando haigusi kabisa, hata umeme ukikatika simu ikiwa na asilimia 5 bado unaisoma. Ukienda steshenari wakakuprintia unabandika ukutani. Shida haikuhesabii, inabidi uwe na nidhamu mwenyewe.

Namba tatu Nike Training Club. Ni bure, walimu wake wazuri kweli, yoga ipo, ila ni video na inakula bando, sasa itakufaa zaidi kama una waifai. Mtu mwenye simu ya uwezo mdogo asijisumbue.

Namba nne zile aplikesheni za mazoezi ya dakika 7. Asili yake ni makala iliyotoka Marekani mwaka 2013, mazoezi 12, kila moja sekunde 30, unapumzika sekunde 10. Nzuri kwa aliyebanwa, lakini piga hesabu, dakika 7 kwa siku 7 ni 49 tu, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi ya nguvu. Kwa hiyo zungusha mara mbili tatu, au ongezea baiskeli, na Tanga baiskeli hatukosi. Halafu kuna zoezi la kupanda kiti, tafadhali usitumie kiti cha plastiki kwenye sakafu ya saruji, kinateleza na kukunja miguu, tafuta stuli ya mbao.

Mwisho Freeletics na zote za kulipia. Kocha wake (ni programu, siyo mtu) anakupangia ratiba vizuri, ila kwa anayeanza sioni sababu ya kulipa wakati hujajua hata kama utafika wiki ya tatu. Mimi kuna moja sitaitaja, nilichukua siku za bure, nikaifuta kwenye simu nikijua nimemaliza, kumbe hela ikakatwa kwenye kadi. Kufuta aplikesheni hakukati malipo! Ingia Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, nenda kwenye malipo na usajili, kata huko kwanza, halafu ndo uifute.