Vestas V52: mtambo mdogo wa mahali penye upepo mkali

Mwaka 2022 Goldwind ya China iliipiku Vestas ya Denmark kwa mitambo mipya ya upepo: gigawati 12.7 dhidi ya 12.3, kwa hesabu ya BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati. Mnunuzi asikimbilie kinara wa soko kwa sababu hiyo tu. Aangalie kwanza upepo wake.

V52 ya kilowati 850 imepitwa na wakati kwa ukubwa, ila Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, zimesimama 365 na zinastahili kuwa pale. Panga moja ni kama mita 25, hivyo linasafirishika kwenye barabara ngumu. Mapanga yanafagia mita za mraba 2,124, yaani wati 400 kwa kila mita ya mraba. GE 1.7-103, mtambo wa kampuni ya GE ya Marekani uliofungwa Kipeto, Kajiado, inafagia 8,332 kwa kilowati 1,700, kama wati 204 tu. Wati chache kwa kila mita ya mraba maana yake GE hiyo imeundwa kuvuna upepo wa wastani. Ukiipeleka Turkana mapanga yatachoka mapema. V52 nayo ukiifunga penye upepo hafifu, itazunguka kutwa ikitoa umeme kiduchu.

Udhaifu wa V52 ni giaboksi, yaani sanduku la gia linaloongeza kasi kutoka mapanga hadi jenereta. Mapanga huzunguka kama mara 26 kwa dakika, jenereta zaidi ya 1,500, na kila dharuba ya upepo huishia kwenye meno na beringi. Usisubiri kelele: pima oili mara kwa mara, na ukiona chembe za chuma kwenye chujio, fungua ukague. Goldwind za megawati 1.5 zilizoko Adama, Ethiopia, hazina giaboksi kabisa, lakini jenereta yake ni nzito na kuishusha kunadai kreni kubwa. (Goldwind yenyewe siku hizi inauza pia mitambo yenye giaboksi.)

Jingine ni mchanga unaosugua mapanga. Ncha ya panga hukata hewa kwa takribani kilomita 255 kwa saa. Rangi hubanduka kwanza, kisha faiba ya panga lenyewe. Ziba mapema, kwa kusugua, kujaza na kupaka upya. Turkana kazi hiyo ipangwe alasiri, maana upepo mkali huvuma usiku hadi asubuhi.

Anayetaka V52 iliyotumika Ulaya adai ripoti za oili, picha za mapanga na nywila za kompyuta ya mtambo kabla ya kulipa chochote.