Atelye ya chukudu kule Virunga: banafunzi ba projee ya ergonomia, muende pale

Kama muko na projee ya kikundi ya ergonomia (kutengeneza vyombo bifae mwili wa mutu) na munatafuta fundi, muende kwa bale mafundi ba chukudu (ile trotineti kubwa ya mbao ya kubeba mizigo) ba upande wa soko ya Virunga hapa Goma, bale bazee banajua kazi kabisa. Sisi tulichagua usukani wa chukudu juu jamaa anatoka Kibumba na mifuko ya viazi, mgongo umepinda, goti moja kwa mbao kwenye kile kipande cha mpira, kisha watu banashangaa akiumwa kiuno.

Fundi hakukata hata ubao. Aliuliza kwanza: nani ataiendesha, mrefu ao mufupi? Njo ile ile yenye profesa anatuambiaga, usipime mutu wa katikati tu, pima bafupi na barefu, juu usukani ya kimo kimoja inatesa bote wawili. Akatuchongea modeli na mabaki ya mbao, bei ya chini, matundu tatu za kupandisha na kushusha usukani kwa bulo (bolti). Tukaipeleka kwa bendeshaji benyewe, bakatuonyesha bulo inakwaruza goti, fundi akaigeuza bila kununa. Hapo njo nilimupenda sana yule mzee.

Shida iko moja: bakiwa na komande (oda) ya soko, yenu inangoja. Kwa kalendari yenu mupange modeli mapema, mbao ya kalitusi ya mwisho ikuje tu kisha bendeshaji kujaribu. Na muombe risiti siku ya avansi (malipo ya kwanza), si siku ya kuchukua.