Sufuria ya presha ya kuhifadhia chakula kwenye chupa: uzoefu wangu

Najua wengi mnaosoma maoni ya watumiaji mnataka jibu kwanza, maelezo baadaye. Jibu langu: sufuria hii nimeridhika nayo sana, lakini si kila mtu anaihitaji. Kama unahifadhi jamu, achari na matunda ndani ya sharubati tu, usiingie gharama. Sufuria yoyote ndefu inatosha, mradi maji yapite juu ya vifuniko vya chupa kwa sentimita mbili au tatu na kuchemka vizuri. Mimi niliinunua kwa ajili ya supu ya mifupa na mboga, na kwa vitu hivyo hakuna njia ya mkato.

Sababu yake ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Anakaa udongoni, na spora zake, yaani vijimbegu vyake vigumu vya kujihifadhi, zinastahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi. Ukizifungia ndani ya chupa isiyo na hewa, kwenye chakula kisicho na uchachu, kisha ukaiweka kabatini, umezipa mahali pazuri kabisa pa kuamka na kutengeneza sumu. Sumu hiyo haionekani, na chakula kinaweza kunukia vizuri tu. Mpaka unaotumika ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, chakula ni kichachu zaidi). Matunda mengi yako chini ya hapo, kwa hiyo maji yanayochemka yanayatosha. Karoti, maharagwe mabichi, mahindi, nyama na supu viko juu, na vinadai joto la nyuzi 116 hadi 121, ambalo maji hayalifikii bila presha. Nyanya zimekaa mpakani, ndiyo maana huongezewa maji ya limau yale yanayouzwa kwenye chupa, ambayo uchachu wake haubadilikibadiliki: kijiko kimoja kikubwa kwa chupa ya nusu lita, viwili kwa chupa ya lita moja.

Yangu ni ya aluminiamu nene, inaingiza chupa saba za lita moja kwa mpigo. Ina geji ya mshale na pia kile kichuma kizito kinachokaa juu ya tundu la mvuke. Kama unachagua, tafuta yenye kichuma. Geji inabidi ipimwe kila mwaka kuhakikisha inasema kweli, wakati kichuma hakina cha kuharibika, almuradi tundu lisizibe. Kwenye maeneo ya chini hutumika presha ya paundi 10 kwa inchi ya mraba kwa kichuma au 11 kwa geji. Ukiwa zaidi ya mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, kichuma kinapanda hadi 15, na geji nayo huongezwa kadiri unavyozidi kwenda juu. Na tafadhali, zile sufuria za presha za umeme za kupikia zisichukuliwe kuwa ni kitu kilekile. Ni ndogo, zinapanda na kushuka joto haraka mno, ilhali muda wa kupanda na kupoa ni sehemu ya joto ambalo chupa inalihitaji.

Kazi ya supu naifanya hivi. Nachemsha mifupa, nachuja, naiacha ipoe kwenye friji mpaka mafuta yagande juu, nayatoa yote. Hapa sina masihara, kwa sababu mafuta yakifika kwenye mdomo wa chupa kifuniko hakishiki. Supu inarudi motoni hadi ichemke, inaingia kwenye chupa zilizo moto, naacha nafasi ya sentimita mbili na nusu juu. Nafuta midomo kwa kitambaa safi, naweka vifuniko vipya, nakaza pete, zile za kuzungusha zinazoshikilia vifuniko, kwa ncha za vidole tu. Ukizikaza kwa nguvu hewa ya ndani inakosa pa kutokea.

Ndani ya sufuria yanaingia maji ya kina cha sentimita tano hadi saba, basi. Nafunga, nawasha moto mkali, bila kichuma. Mvuke ukianza kutoka kwa mfululizo, mnyoofu kama fimbo, nahesabu dakika 10 kabla ya kukiweka. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na sufuria kimelitaja jambo hili kwa mstari mmoja, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote. Hewa ikibaki ndani, geji itaonyesha presha sahihi huku joto liko chini ya linalotakiwa. Mtu anaweza kufuata kila kitu kingine vizuri na bado akatoa chupa zisizo salama. Lilistahili ukurasa mzima.

Presha ikifika, kichuma kinaanza kucheza na kutoa mlio wa chik-chik. Hapo ndipo muda unaanza kuhesabiwa: kwa supu ni dakika 20 kwa nusu lita, 25 kwa lita moja. Muda huu ni ule wa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, na huwa sipunguzi hata dakika moja. Presha ikishuka chini ya kiwango katikati ya kazi, unairudisha na kuhesabu upya tangu sifuri. Yangu kwa bahati inashika moto vizuri. Nikishapata kiwango cha moto sihitaji kukigusagusa, na presha ikitulia supu haivuji kutoka kwenye chupa.

Kisha nazima na kuiacha ishuke yenyewe. Ile desturi ya kumwagia sufuria maji ya baridi haipo hapa kabisa. Chupa zinaweza kupasuka, na supu itafyonzwa nje ya vifuniko. Geji ikisoma sifuri natoa kichuma, nasubiri dakika 10 nyingine, nafungua kifuniko kikiwa kimeelekea mbali na uso. Chupa zinakaa juu ya taulo, na supu ndani bado inatokota huku imezibwa. Baada ya muda vifuniko vinaanza kujivuta chini kimoja kimoja: tik. Siku inayofuata nabonyeza katikati ya kila kifuniko. Kisichocheza kimeshika. Kinachopanda na kushuka kinakwenda friji na kuliwa mapema. Pete nazitoa kabla ya kuweka kabatini, ili nione kama kuna chupa iliyoanza kuachia.

Kwa hiyo dakika 20 za kwenye jedwali ni zaidi ya saa mbili za jikoni. Wauzaji hawasemi hivyo. Pia ni nzito. Ikijaa siinyanyui, na kama jiko lako ni la kioo soma kwanza maelekezo ya jiko lenyewe.

Kuhusu ladha, supu ni nzuri ajabu, bado ina rangi ya dhahabu, na ukiiweka kwenye baridi inaganda kama inavyotakiwa. Karoti zinakuwa laini na tamu, zinafaa kwa mchuzi. Maharagwe mabichi yanapoteza ule ugumu mtamu wa kutafunika. Anayeutaka heri ayagandishe. Boga lililopondwa lisiwekwe kabisa, maana uzito wake unazuia joto kufika katikati. Kata vipande.

Maji yenye chokaa huacha utando mweupe kwenye chupa, ila siki kidogo kwenye maji ya sufuria inaumaliza. Ukiagiza, agiza na mpira wa kifuniko wa akiba papo hapo, wa modeli hiyohiyo. Mpira ukikakamaa mvuke unatoka pembeni na presha haipandi, na kuutafuta wakati mboga zimeshakatwa ni mateso.