KIWANUKA: albamu ya soul inayokataa kukatwa vipande

Ukitumiwa wimbo mmoja wa albamu hii kwenye simu, utasema ni soul ya kawaida, ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi: sauti ya majonzi, kwaya nyuma, fidla zikipanda taratibu. Ukitumiwa mwingine utaapa ni roki. Wa tatu utadhani umetoka kwa bendi ya Afrika Magharibi ya miaka ya sabini. Zote tatu ni za mtu mmoja, na zimeshonwa pamoja kwa makusudi. Ndiyo maana KIWANUKA, albamu ya tatu ya Michael Kiwanuka, iliyotoka tarehe 1 Novemba 2019, haifai kugawiwa marafiki kidogo kidogo. Ina nyimbo 14 na dakika 52 hivi, na inataka mtu akae nayo kwa mkao mmoja.

Kiwanuka alizaliwa London mwaka 1987, na wazazi wake ni Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Jina lililowapa watu wa muziki wa Uingereza shida halimpi mtu wa Kisumu shida yoyote. Basi la Kampala hupita hapa kila siku. Kuliandika jina hilo peke yake liwe jina la albamu, na jalada liwe mchoro wake akiwa amevikwa kifalme, ni ujumbe ambao msikilizaji wa huku anauelewa kabla hata ya kubonyeza chochote.

Watayarishaji ni wawili: Danger Mouse, ambaye ni nusu ya kundi la watu wawili la Gnarls Barkley, na Inflo, kiongozi wa kundi la Sault. Mwaka 2020 albamu ilishinda tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza. Kwenye tuzo za Grammy za Marekani za 2021 iliteuliwa katika kundi la albamu bora ya roki. Ya roki! Waliopanga makundi hawakukosea sana, maana gita la hapa lina mkwaruzo wa kutosha kumwamsha jirani, ila kwaya na fidla zinazolizunguka ni soul tupu.

Sasa kwa mtu aliyelelewa na benga, mlango wa kuingilia ni besi. Katika benga besi haikai nyuma kushikilia wimbo tu. Inatembea, inakatiza, inajibizana na gita la solo. Kwenye “You Ain't the Problem”, wimbo wa kwanza, na “Rolling” unaoufuata, besi ina tabia hiyohiyo ya kusukuma mbele, huku ngoma za mkono zikijaza nafasi. Kinachokosekana ni ile sehemu ya mwisho ambapo mpiga solo anaachiwa uwanja na watu wanainuka kucheza. Hapa wimbo unapokaribia kuchemka unamwagikia kwenye mwingine. Mpenzi wa rumba anayengoja sebene ataona kama ameibiwa. Mwambie mapema, asije akakulaumu.

Mahali albamu inapokuwa tajiri kuliko kwingine ni kuanzia namba 4 hadi namba 9. “Piano Joint” inaanza na utangulizi mfupi, sauti ikiwa chini kabisa, halafu kinanda kinafunguka na fidla zinaingia moja baada ya nyingine. Mtu wa kwaya ya kanisa atauelewa wimbo huu mara moja. Kisha “Another Human Being” inaleta sauti za habari za kale kuhusu vijana weusi wa Marekani waliokaa kwenye viti vya mikahawa walikokatazwa kukaa. Mwishoni mwa sehemu hiyo, kwenye namba 9, kuna “Hero”, wimbo wa kumkumbuka Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther, chama cha kutetea watu weusi wa Marekani, aliyeuawa na polisi Chicago tarehe 4 Desemba 1969 akiwa na miaka 21. Unaanza na gita tulivu la mtu mmoja, dramu zinajiunga, halafu gita la umeme linapasuka juu ya kila kitu. Tom Mboya, waziri Mluo wa Kenya, alipigwa risasi Nairobi Julai ya mwaka uleule. Msikilizaji wa Nyanza hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anamwimbia kijana aliyekufa nusu karne iliyopita.

Baada ya hapo mwendo unapungua, na si vizuri kuficha jambo hilo. “Hard to Say Goodbye” ndio wimbo mrefu kuliko zote, na unajivuta kweli. Wageni wengi huanza kushika simu hapo. “Final Days” inawarudisha kwa mapigo makavu ambayo vijana wa hip hop watayapenda, lakini kutoka hapo hadi mwisho ni muziki wa kukaa, si wa kuchangamsha. Maneno nayo wakati mwingine yanazunguka palepale: shaka, kujikubali, shaka tena. Anayetaka hadithi yenye mwanzo na mwisho kama katika nyimbo za zamani za benga hataipata.

Lakini malalamiko mengi yanayosikika kuhusu albamu hii hayatokani na muziki. Yanatokana na jinsi ilivyochezwa.

Chukua flashi. Mtu akijaziwa nyimbo bila namba mbele ya majina, redio ya gari au wufa inayozipanga kwa alfabeti itaanza na “Another Human Being”, iruke hadi “Final Days”, na wimbo wa ufunguzi utakuja mwisho kabisa. Redio nyingine hazitazami majina. Zinafuata mpangilio ambao faili zilinakiliwa. Dawa ya yote mawili ni moja: zipe faili namba kuanzia 01 hadi 14, tumia flashi iliyofutwa kila kitu, kisha nakili moja moja kwa mpangilio huo. Usifute namba 4, 8 na 12 kwa sababu ni fupi. Mtu akiona kipande kifupi anadhani faili imeharibika, kumbe hizo ndizo gundi. Ukiondoa namba 8, ambayo ni utangulizi wa “Hero”, wimbo wenyewe unatokea kama mgeni asiyebisha hodi.

Kuna pia ule ukimya mdogo kati ya wimbo na wimbo. Faili ya MP3 huongezewa sauti tupu kidogo mwanzoni na mwishoni inapotengenezwa, na kifaa kisichojua kuiondoa kitakukatia mtiririko. Kati ya namba 1 na namba 2 utasikia kama mtu amezima na kuwasha tena. Kwenye programu ya muziki ya simu, tafuta mpangilio wa kucheza bila mwanya uuwashe, na ule wa kufifiza wimbo mmoja ndani ya mwingine uuzime. Kitufe cha kuchanganya nyimbo kizime pia. Akaunti ya bure ya Spotify itakuingizia matangazo katikati, na hakuna albamu inayoumizwa na tangazo la sabuni kama hii.

Upande wa bando, hesabu ni rahisi. Kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde albamu nzima itakula MB 37 hivi. Kwa 160 ni MB 62. Kwa 320 ni MB 125. Ya chini inatosha kwa spika ya simu. Kwenye hedifoni nzuri matoazi yatasikika kama kitu kinachokaangwa, na fidla zitapoteza makali. Ya 160 inatosha watu wengi. Anayetaka 320 aipakue penye waifai mara moja, aache kuicheza mtandaoni kila siku.

Halafu wufa. Wufa nyingi za sebuleni zina kitufe cha besi ambacho mwenye nyumba alikizungusha hadi mwisho siku aliyoinunua, na hakijarudi tena. Kwa ohangla ya sherehe hakuna neno. Kwa albamu hii ni msiba, kwa sababu sanduku lile dogo linakuza sehemu moja tu ya sauti za chini, hivyo noti zote za besi zinageuka kuwa mvumo mmoja na ule mwendo uliosifiwa hapo juu unapotea. Rudisha kitufe hadi katikati au chini kidogo. Toa wufa kwenye kona ya nyumba, iache kama nusu mita kutoka ukutani, kwa maana kona inaongeza mvumo. Spika mbili ndogo ziweke mbalimbali, usizipange juu ya runinga zikiwa zimegusana. Ngoma na kwaya zimegawanywa kushoto na kulia, na spika moja ya Bluetooth ya kubeba mkononi mara nyingi inazirundika mahali pamoja.

Ukitaka kuwasikilizisha wenzako, Jumapili baada ya chakula cha mchana inafaa kuliko Ijumaa usiku. Watu wanne au watano wanatosha. Pakua albamu kwanza, weka simu katika hali ya ndegeni, kisha washa Bluetooth tena, ili simu ya shemeji isikatize “Piano Joint”. Usitoe maelezo kabla ya wimbo wa tatu. Na usijaribu kumtamanisha mtu kwa kurekodi spika kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ule umetengenezwa kwa maneno ya watu, unanyonya besi na kuacha kelele. Tuma kiungo cha albamu nzima. Rafiki akisisitiza apewe wimbo mmoja kwanza, wa benga mpe “Rolling”, wa roki mpe “Hero”, wa kwaya mpe “Piano Joint”, halafu mdai arudi kwenye namba 1.

Wachache wenye mashine ya santuri wajue albamu hii ni santuri mbili, hivyo kuna kuinuka mara tatu kugeuza au kubadilisha, jambo linalopingana kidogo na mshono wenyewe.

Ikikukolea, rudi nyuma hadi Love & Hate ya mwaka 2016, ambayo wimbo wake wa kwanza ni wa dakika 10 na ulifupishwa ukawa wimbo wa ufunguzi wa tamthilia ya Big Little Lies. Small Changes ya 2024 ina watayarishaji walewale wawili ila ni tulivu zaidi. Iache hadi umalize hizi. Sault ni kwa wale ambao walipenda ngoma kuliko sauti ya mwimbaji.