Miezi miwili na saa ya DS3231 kwenye Raspberry Pi ya duka langu, Kigoma

Nina duka la vifaa vya shule hapa Mwanga. Mauzo nayaingiza kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, iliyofungwa chini ya kaunta, na hiyohiyo ndiyo inayotoa risiti. Siku moja mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi na risiti mkononi: "Kaka, saa nane mchana mimi nilikuwa darasani. Hii risiti ya nani?" Nikaitazama: 02:25 PM. Na kweli alikuwa amenunua usiku, saa mbili na nusu kasoro.

Nikamrukia binti anayenisaidia dukani. Nilijua tu ameigusa saa na kuiweka Kiswahili: saa mbili usiku, basi akaandika 02. Tofauti ilikuwa masaa sita kamili, ningewaza nini kingine? Akaapa. "Bosi, hiyo saa hata sijui inabadilishiwa wapi."

Alinishinda. Siku ile umeme ulikatika saa nane na kitu mchana, ukarudi saa mbili usiku. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri kama kompyuta za mezani. Ikizimika haijui muda umekwenda kiasi gani. Ina programu ndogo iitwayo fake-hwclock inayoandika muda kwenye faili kila saa. Umeme ukirudi inasoma faili hilo na kuendelea palepale, kama abiria aliyesinzia kwenye basi akaamka Kigoma akidhani bado yuko Uvinza.

Ilitakiwa ijirekebishe kwa intaneti. Nikapiga timedatectl, amri ya kukagua saa, ikajibu kuwa saa haijalinganishwa. Intaneti ipo, kurasa zinafunguka. Nikajaribu kusasisha programu kwa apt, nayo ikagoma, ikidai faili la hazina ya programu "bado halijaanza kutumika" mpaka masaa kadhaa yapite! Nikawasha hotspoti ya simu, na ndani ya sekunde chache saa ikakaa sawa. Kumbe intaneti ya jengo, tunayochangia wapangaji, haipitishi UDP poti 123, ambayo ndiyo njia ya NTP, utaratibu wa kompyuta kulinganisha saa kwa mtandao. Nilimweleza mwenye mtambo mara mbili. "Mbona WhatsApp inafanya kazi?" ndiyo majibu yake hadi leo.

Ndipo nikaagiza moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake, kutoka Dar, shilingi 15,000 pamoja na ya basi. Imekuja na betri iliyokufa na bila karatasi hata moja ya maelekezo. Betri mpya ya CR2032 niliipata kwa fundi saa.

Kuifunga ni waya nne: umeme pini ya 1, SDA (waya wa data) pini ya 3, SCL (waya wa mapigo ya kupanga data) pini ya 5, ardhi pini ya 9. Hapo kwenye umeme usikosee. Pini ya 1 ni volti 3.3. Ukichomeka kwenye pini ya volti 5, kwanza pini za Pi hazivumilii volti hiyo. Pili, moduli hizi kubwa za bluu zina kisakiti cha kuchaji betri, na CR2032 si betri ya kuchajiwa. Inaweza kuvimba. Wanaojua kutumia pasi ya kulehemu hutoa kabisa kile kizuizi kidogo (rezista) kando ya diodi ili betri isichajiwe. Mimi niliacha, nikabaki kwenye 3.3.

Ukiwasha I2C, njia ambayo Pi huongea na moduli kwa waya hizo, na kupiga i2cdetect -y 1, utaona 68, ambayo ndiyo saa, na 57, ambayo ni kumbukumbu ndogo iliyo ubavuni mwake. Kisha ongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye faili la mipangilio, config.txt, ondoa fake-hwclock, washa upya, hakikisha saa ya mfumo ni sahihi (hotspoti tena), halafu piga sudo hwclock -w ili muda huo uandikwe kwenye moduli. Nilisahau kuondoa fake-hwclock nikapoteza jioni nzima.

Tangu hapo umeme umekatika sijui mara ngapi. Jumapili duka huzimwa kutwa, na Jumatatu risiti ya kwanza hutoka na saa yake sahihi bila intaneti. Nikiilinganisha na simu, baada ya miezi miwili imechelewa sekunde tatu. Chipu hii hujirekebisha kwa joto, na kwa joto la mpaka nyuzi 40 haitakiwi kupotea zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka.

Mwenye Raspberry Pi 5 asiinunue: saa imo tayari, anahitaji betri yake tu.

Naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na ile betri mfu. Binti naye nilimnunulia soda mbili. Ya kwanza aliikataa.